Wataalamu Wengi, Mgonjwa Mmoja: Mazungumzo na Wananchi wa Visiga



Sisi ni watumishi wa mamlaka ya udhibiti. Mara nyingi tunapofika mbele ya wananchi huwa tunabeba pakiti za dawa na kuonyesha namna ya kusoma tarehe ya mwisho wa matumizi. Leo tumekuja na jambo pana zaidi. Tunataka kuzungumza juu ya namna wataalamu wa afya wanavyofanya kazi pamoja, namna huduma za afya katika mkoa zinavyopangwa, na nafasi ya mwananchi katika mambo hayo mawili.

Wahenga wetu walituachia methali mbili zinazoonekana kupingana. Ya kwanza yasema kwamba mkono mmoja haulei mwana. Ya pili yasema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama. Katika huduma za afya methali zote mbili ni za kweli. Hakuna maradhi makubwa yanayotibiwa na mtaalamu mmoja peke yake. Lakini wataalamu wengi wasiozungumza wao kwa wao huweza kumdhuru mgonjwa hata kama kila mmoja wao ameifanya kazi yake sawasawa.

Mkoba wa dawa wa mzee mmoja

Tuanze na tukio lililotokea katika familia ya mwenzetu mmoja wa ofisini. Vituo vilivyohusika hatuvitaji, kwa kuwa hatukuja hapa kumshtaki mtu.

Baba yake mkubwa ana shinikizo la juu la damu. Katika zahanati ya karibu alikuwa akipewa dawa iitwayo amlodipini, miligramu 5, kidonge kimoja kila siku. Shinikizo halikushuka vya kutosha, na tabibu akamwandikia barua ya rufaa kwenda hospitali. Huko daktari aliona kwamba inafaa kuongeza kiwango, akaandika amlodipini ya miligramu 10. Siku hiyo dawa haikuwapo hospitalini, hivyo mzee akainunua katika famasi ya mtaani. Pakiti aliyopewa iliandikwa kwa herufi kubwa jina la biashara lililotolewa na kiwanda, na jina halisi la dawa likaandikwa chini yake kwa herufi ndogo.

Mzee alirudi nyumbani akiwa na hakika kwamba ameongezewa dawa ya pili. Daktari alikusudia ile ya miligramu 10 ichukue nafasi ya ile ya miligramu 5, lakini hakuna aliyemwambia mzee maneno mepesi: “Ile ya zamani uiache.” Akawa anameza zote mbili, jumla ya miligramu 15 kwa siku, ilhali kiwango cha juu kinachopendekezwa kwa mtu mzima ni miligramu 10.

Baada ya wiki tatu miguu ikavimba. Alikwenda kituo kingine kilichokuwa karibu na shamba lake, akaonekana na mtaalamu ambaye hakuwa na kumbukumbu zake zozote. Huyo naye aliona miguu iliyovimba, akamwandikia dawa ya kukojoa ili kupunguza maji mwilini. Siku chache baadaye, alfajiri, mzee alisimama kwenda kutawadha, akashikwa na kizunguzungu, akaanguka na kuvunjika mkono.

Aliyeugundua mkasa huo ni muuguzi wa wodi. Alimwomba mtoto wa mzee alete kila dawa iliyopo nyumbani. Mfuko ulipoletwa, mtaalamu wa dawa alizipanga pakiti mezani, akaziweka mbili kando na kuonyesha kwa kidole kwamba dawa ni moja kwa majina mawili. Tabibu alikuwa sahihi. Daktari alikuwa sahihi. Muuzaji wa famasi alitoa kilichoandikwa. Kosa lilikaa katikati yao, mahali ambapo mgonjwa hutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Mahali hapo sisi tunapaita makabidhiano, na ndipo penye hatari kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Nani ni nani katika huduma

Ili mwananchi aweze kujilinda katika makabidhiano, ni vema awajue wanaomhudumia. Wengi wetu tumezoea kumwita kila aliyevaa koti jeupe “daktari”. Mazoea hayo ni ya heshima, lakini yanaficha mambo.

Katika zahanati, mara nyingi atakayekuona ni tabibu. Muuguzi na mkunga huangalia hali yako, huchoma sindano, huzalisha, huhudumia kliniki ya mama na mtoto. Mteknolojia wa maabara hupima damu na makohozi. Mfamasia au mteknolojia wa dawa hutoa dawa, na ni haki yako akueleze namna ya kuitumia. Ofisa lishe hushauri juu ya chakula cha mwenye kisukari au cha mtoto aliyedhoofu. Mtaalamu wa viungo humrudisha aliyepooza au aliyevunjika kwenye mwendo wake. Ofisa ustawi wa jamii humsaidia asiye na uwezo wa kulipa. Ofisa afya wa mazingira, yule tuliyezoea kumwita bwana afya, hushughulikia vyoo, maji na usafi wa mahali pa kuuzia chakula. Na Mganga Mfawidhi ndiye kiongozi wa kituo kizima.

Kisha yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii, anayeishi mtaani pamoja nanyi. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu hao, kwa lengo la kuwafikia 137,294 nchini kote katika kipindi cha miaka mitano. Mhudumu huyo anaingia nyumbani, anaona nani ameacha dawa, nani mjamzito hajaanza kliniki, mzee gani anaishi peke yake. Habari hizo daktari wa hospitali hana njia ya kuzipata isipokuwa aambiwe.

Somo kutoka Ifakara

Je, wataalamu kuzungumza wao kwa wao kunaweza kweli kupunguza vifo? Jibu lipo, na sehemu ya jibu hilo imetoka katika nchi yetu.

Shirika la Afya Duniani liliandaa orodha fupi ya mambo 19 ya kuhakikiwa kwa sauti katika chumba cha upasuaji. Orodha hiyo haina dawa mpya wala mashine. Inawataka wahusika wataje jina la mgonjwa, aina ya upasuaji na sehemu ya mwili itakayopasuliwa. Inawataka wote waliomo chumbani wajitambulishe kwa jina na kwa kazi. Kabla mgonjwa hajatolewa, inawataka wahesabu sindano na vitambaa vilivyotumika.

Orodha ilijaribiwa katika hospitali za miji minane duniani, London na Toronto zikiwamo. Mmoja wa miji hiyo ulikuwa Ifakara, katika Mkoa wa Morogoro, jirani zetu. Matokeo yalitangazwa mwaka 2009. Kwa hospitali zote nane zikijumlishwa, vifo baada ya upasuaji vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa yalishuka kutoka asilimia 11 hadi asilimia 7.

Tafakarini jambo hilo. Wapasuaji walikuwa wale wale, na visu vilikuwa vile vile. Kilichoongezeka ni dakika chache za kusemezana, na ruhusa kwa muuguzi kumwambia daktari bingwa, “Subiri kwanza, hatujahakiki.” Mahali ambapo mdogo anaruhusiwa kumkumbusha mkubwa, mgonjwa huwa salama zaidi. Tunawaomba mlikumbuke hilo siku mtakapomwona muuguzi akimuuliza daktari swali mbele yenu. Msidhani kwamba wanagombana. Wanawalinda.

Kibaha ilianza na fikra hiyo

Wazo la kuunganisha taaluma si geni katika eneo hili. Mwaka 1963, hapo Kibaha, ulianza mradi wa Tanganyika na nchi za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mradi huo ulikuwa na shule ya sekondari, kituo cha mafunzo ya wakulima na kituo cha afya, vyote mahali pamoja. Mwaka 1970 ulikabidhiwa kwa Tanzania, na ndio tunaoujua leo kama Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi, ambayo sasa ni Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani, ina mizizi yake katika kituo kile cha afya.

Maadui walikuwa watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Waliopanga walielewa kwamba adui hao hutembea pamoja, kwa hiyo mwalimu, bwana shamba na mganga nao hawana budi kutembea pamoja. Mtoto aliyekosa lishe hatibiwi na dawa peke yake. Anahitaji mganga, anahitaji shamba lenye chakula, na anahitaji mama aliyepewa elimu bila kudharauliwa. Fikra hiyo ya miaka sitini iliyopita haijachakaa.

Mpango huanza na daftari

Sasa tuingie katika upangaji wa huduma. Wengi huamini kwamba mipango ya afya huandikwa Dodoma na kushushwa mpaka kwetu. Sera na viwango kweli hutoka juu. Lakini mpango wa mwaka wa zahanati huanzia katika zahanati yenyewe. Watumishi wa kituo na Kamati ya Usimamizi wa Kituo, yenye wajumbe kutoka miongoni mwa wananchi, hutakiwa kukaa pamoja na kupanga. Mipango ya vituo huunganishwa na timu ya afya ya halmashauri, chini ya Mganga Mkuu, na kuwa Mpango Kabambe wa Afya wa Halmashauri. Mpango huo hupita katika Bodi ya Afya na Baraza la Madiwani, kisha mkoani, kisha taifani. Na tangu mwaka wa fedha 2017/2018, sehemu ya fedha za afya hutumwa moja kwa moja katika akaunti ya kituo. Kamati yenu, kwa hiyo, inajadili fedha halisi, na wananchi wana haki ya kujua zimetumikaje.

Mpango mzuri una thamani gani? Tuutazame Mkoa wetu wa Pwani. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Utafiti wa Maendeleo cha Canada ilifanya majaribio ya upangaji katika wilaya mbili, Rufiji na Morogoro Vijijini. Wadodosaji walikwenda nyumba kwa nyumba kuuliza nani amefariki na kwa maradhi gani. Katika moja ya wilaya hizo ilionekana kwamba malaria ilikuwa ikichukua kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, lakini mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Fedha zilikuwa hazijafuata vifo vilipo. Mipango ilipogeuzwa ikafuata hali halisi, watumishi wakafundishwa kumtazama mtoto mgonjwa kwa ukamilifu wake, na vyandarua vikasambazwa. Katika miaka mitano iliyofuata vifo vya watoto vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Leo mkoa wetu una changamoto nyingine. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,098,668 katika Mkoa wa Pwani. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,024,947. Katika miaka kumi idadi imekaribia kuwa maradufu. Mnaoishi kando ya Barabara ya Morogoro mmeliona jambo hilo kwa macho: nyumba mpya, viwanda, bodaboda, na ajali. Zahanati iliyojengwa kwa ajili ya kijiji inajikuta inahudumia mji.

Visiga ina jambo jingine la pekee. Ninyi mpo katika Halmashauri ya Mji wa Kibaha, lakini majirani zenu wa Mlandizi wapo katika Halmashauri ya Wilaya ya Kibaha, na wengine wenu mna ndugu na mashamba Kisarawe. Maradhi hayajui mpaka wa halmashauri, ila bajeti inaujua. Mama anayehudhuria kliniki upande mmoja na kujifungulia upande mwingine huhesabiwa katika vitabu viwili tofauti. Kuyaunganisha hayo ni kazi ya timu ya afya ya mkoa, lakini timu hiyo haiwezi kuunganisha kisichoandikwa.

Hapa tunaomba msikilize kwa makini, kwa kuwa jambo hili halisemwi mara nyingi. Zahanati huagiza dawa kutoka Bohari ya Dawa kwa kuangalia matumizi yake ya nyuma, yaliyoandikwa katika vitabu vya MTUHA. Mwenye shinikizo la damu anayeiruka zahanati na kwenda moja kwa moja Tumbi, au Mloganzila, hakuandikwa katika kitabu cha hapa. Wakifanya hivyo watu mia, kitabu kitaonyesha kwamba hapa hakuna wagonjwa wa shinikizo la damu, na dawa haitaletwa. Kisha tutasema, “Zahanati yetu haina dawa, ndiyo maana tunaiacha.” Duara hilo linazunguka katika kata nyingi nchini.

Hatusemi kwamba kosa ni la mgonjwa. Aliyefika mara tatu na kukosa dawa mara tatu ana sababu ya kukata tamaa. Tunachoomba ni kwamba aliyekosa dawa ahakikishe ameandikwa kuwa alifika na alikosa, na mjumbe wa kamati ajulishwe. Jina lililoandikwa kitabuni ni hoja katika kikao cha bajeti. Manung'uniko ya kijiweni hayafiki huko.

Mambo ya kufanya

Haya ndiyo tunayowashauri mfanye, kila mmoja kwa nafasi yake.

Kwanza, weka kumbukumbu zako mahali pamoja: kadi ya kliniki, majibu ya vipimo, barua za rufaa, cheti cha dawa. Zitie katika bahasha moja, na kila mtu nyumbani ajue ilipo. Usiku wa dharura hakuna muda wa kupekua makabati.

Pili, unapokwenda kutibiwa, beba dawa zote unazotumia pamoja na pakiti zake. Usiache dawa za maumivu ulizonunua dukani, wala dawa za asili. Baadhi ya dawa za maumivu hupandisha shinikizo la damu na kuumiza figo. Anayekuhudumia hakuulizi kwa nia ya kukugombeza. Anataka kujua kilichomo mwilini mwako kabla hajaongeza kingine.

Tatu, soma jina halisi la dawa, lile la herufi ndogo. Pakiti mbili zenye rangi na majina tofauti zinaweza kuwa dawa moja. Asiyeweza kusoma amwombe mjukuu au mtoa dawa amsomee.

Nne, kila unapotoka mbele ya mtaalamu, uliza maswali manne: Nina tatizo gani? Dawa hii ni ya nini, na ipi kati ya zile za zamani niiache? Nikiona dalili gani nirudi haraka? Ni nani atakayenifuatilia baada ya leo? Kisha rudia majibu kwa maneno yako mwenyewe mbele yake. Yule mzee tuliyemtaja angeuliza swali la pili, asingevunjika mkono.

Tano, ukipewa rufaa, omba barua iandikwe kwa ukamilifu: hali yako, vipimo ulivyofanyiwa na dawa ulizokwisha kupewa. Na ukiruhusiwa kutoka hospitali, omba maelezo ya maandishi uyarudishe katika zahanati yako. Rufaa ni safari ya kwenda na kurudi. Wengi huenda na barua na kurudi mikono mitupu, na tabibu wa hapa hajui kilichofanyika huko.

Sita, kwa mama mjamzito, aliyejifungua karibuni au mtoto mchanga aliyepatwa na dharura, pigeni simu namba 115 bila malipo. Hiyo ni namba ya mfumo wa usafiri wa dharura uitwao m-mama, uliozinduliwa kitaifa mwaka 2022. Anayepokea simu, dereva, mkunga na hospitali inayopokea hufanya kazi kama timu moja. Hapa pana habari njema ya nchi nzima: utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015/16 ulikadiria vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000, na ule wa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Idadi hiyo bado ni kubwa kwa familia inayompoteza mama, lakini inaonyesha kwamba inawezekana.

Saba, wajueni wajumbe wa Kamati ya Usimamizi wa Kituo chenu kwa majina. Waulizeni katika mkutano wa mtaa: mwaka huu mmepanga nini, fedha gani imeingia, dawa gani zimekosekana? Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai, na mpango huandaliwa miezi mingi kabla ya hapo. Anayefika na hoja mwezi Juni amekuta jamvi linakunjwa. Hoja zenu zifikisheni mapema, zikiwa zimeandikwa.

Mambo yakiharibika

Pamoja na tahadhari zote, wakati mwingine mambo huharibika. Tunaomba msikae kimya, na pia msianze kwa kurusha maneno barabarani.

Anza na Mganga Mfawidhi wa kituo. Usiporidhika, nenda kwa kamati, kisha kwa Mganga Mkuu wa halmashauri, kisha mkoani. Andika tarehe, saa, na jambo lililotokea. Ikiwa lalamiko linahusu maadili ya mtaalamu, kila taaluma ina baraza lake: lipo Baraza la Madaktari Tanganyika, Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, Baraza la Famasi, na Baraza la Wataalamu wa Maabara. Ikiwa mnaitilia shaka dawa yenyewe, kwa mfano imebadilika rangi, haina tarehe, au imeleta madhara yasiyotarajiwa, taarifa hiyo ileteni kwetu, na pakiti msiitupe.

Tunajua kwamba wapo wanaoogopa kulalamika kwa kuhofia kuhudumiwa vibaya siku nyingine. Hofu hiyo tunaielewa. Ndiyo maana tunapenda malalamiko yapitie kwa wajumbe wa kamati, wanaosema kwa niaba ya wengi. Tunawakumbusha pia kwamba mtumishi naye ni binadamu. Muuguzi mmoja anayehudumia wodi nzima usiku hatendi haki kwa mgonjwa hata akitaka. Lalamiko lililo bora huuliza pia: kwa nini alikuwa peke yake? Swali hilo ni la mpango, na linajibiwa katika bajeti.

Ndugu wananchi, yule mzee amepona. Mkono umeunga, ingawa haunyooki kama zamani, na shinikizo lake limetulia kwa dawa moja. Mkeanye aliyekatwa bado ni yule yule: kila anapokwenda kliniki hubeba mfuko wake wa pakiti, na kabla ya kuketi huumwaga mezani. Mwanzoni watumishi walicheka. Sasa wao wenyewe wanamuuliza, “Mzee, mfuko uko wapi?”

Tunatamani kila nyumba ya Visiga iwe na mfuko huo, na kila kikao cha kamati kiwe na mwananchi mwenye daftari. Wataalamu ni wengi na kila mmoja ana kazi yake. Mgonjwa ni mmoja, naye peke yake hupita mbele yao wote tangu mwanzo hadi mwisho wa matibabu. Kwa hiyo asiwe mzigo unaopokezanwa. Awe mwenzao katika kazi.